Mama Aleta Maji

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja la mbao nzito lililoegemea ukuta wa duka la fotokopi, katika mtaa wa Bhikhna Pahari mjini Patna, jimbo la Bihar, mbele ya jiko la chai la Sunaina Devi. Wote walimwita Chachi, yaani mke wa baba mdogo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa ukoo wake. Ukuta ulikuwa umebandikwa matangazo ya vyuo vya mitihani, tabaka juu ya tabaka, nyuso za waliofaulu mwaka huu zikitabasamu juu ya nyuso za waliofaulu mwaka uliopita. Siku za kawaida benchi halikutosha. Vijana walikunywa chai wima huku wakiulizana miji mikuu na vipeo vya pili. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa siku ya pili ya Chhath, mfungo wa Jua, na mtaa ulikuwa umepukutika. Vyumba vilitiwa kufuli, treni za kwenda mikoani ziliondoka zimefurika hadi milangoni, na njia nzima ilinuka miwa na ndizi mbichi za sadaka. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na wale wenye pa kwenda lakini hawana uso wa kwenda nao.

Walikuwa watatu. Wa kwanza ni Tabrez Alam wa Darbhanga, jina la kijiweni Wakili, kwa sababu alisoma sheria muhula mmoja akaiacha, ila ubishi haukumwacha. Wa pili ni Mritunjay Jha wa Madhubani. Mritunjay maana yake ni aliyeshinda mauti, lakini kijiweni aliitwa Kizingiti, kwa kuwa katika kila mtihani alikosa alama kidogo tu kuvuka kizingiti cha mwaka huo. Wa tatu, na mkubwa wao kwa umri, ni Avadhesh Kumar Mahto, mwana wa marehemu Jagdish Mahto, wa kijiji cha Bishunpur Dih, wilaya ya Khagaria. Huyu aliitwa Ijoti. Jina hilo halina maana katika lugha yoyote. Ni herufi E, J, O, T na Y, yaani ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini na ya ishirini na tano katika alfabeti ya Kiingereza, na kila mwanafunzi wa mafumbo ya herufi huzishika kama mtu ashikavyo nguzo gizani. Avadhesh hakuhitaji nguzo. Ukimtajia herufi yoyote alikupa nafasi yake kutoka mbele na kutoka nyuma kabla hujafumba mdomo. Wengi wa wale waliokuwa wakitabasamu ukutani walifundishwa mafumbo na yeye, pale pale benchini, bure.

Yeye mwenyewe hakupata kazi. Mwezi wa Januari umri wake ungepita kiwango cha serikali, na mtihani wa ukarani alioufanya Agosti ulikuwa wa mwisho. Majibu rasmi yalikuwa yametoka jana yake. Alijisahihisha, akajisahihisha tena, na kila mara alifika pale pale: swali moja tu la mafumbo ndilo lililosimama kati yake na kazi. Akilipata, ameingia. Akilikosa, mlango umefungwa. Tume ya mitihani ilikuwa inapokea mapingamizi mpaka jioni ya siku hiyo, na hilo ndilo lililowaweka benchini.

— Lisome tena, taratibu, alisema Wakili. Mimi hapa ni hakimu.

— Hakimu aliyefeli sheria, alisema Kizingiti.

— Sikufeli. Niliacha. Kuna tofauti, kafungue kamusi.

Avadhesh hakuhitaji kulisoma. Swali alikuwa nalo kichwani kama jina lake.

— Katika lugha fulani ya fumbo, "ka pi lo" maana yake ni "mama aleta maji". "Pi du se" maana yake ni "baba aleta kuni". "Lo ra te" maana yake ni "maji baridi sana". Je, katika lugha hiyo "mama" ni nini? A, ka. B, pi. C, lo. D, haiwezi kujulikana.

— Ka, alisema Kizingiti papo hapo. "Lo" ni maji, limo kwenye la kwanza na la tatu. "Pi" ni aleta, limo kwenye la kwanza na la pili. Anabaki mama, inabaki ka. Hata mbuzi wa Chachi anajua.

— Chachi hana mbuzi, alisema Avadhesh.

— Ndiyo nasema, hata angekuwa naye.

— Wewe ulisoma upande wa Kiingereza?

— Ee. Hicho Kihindi chao cha ofisini kinanipa kichwa.

— Mimi nilisoma Kihindi.

Hapo ndipo penye jambo. Karatasi ya mtihani huandikwa kwa lugha mbili, na mtahiniwa husoma aitakayo. Katika Kiswahili, kama katika Kiingereza, mambo ni mepesi: mama aleta, baba aleta, neno ni lile lile. Kihindi hakikubali hivyo. Mwanamke akileta, husemwa lati. Mwanamume akileta, husemwa lata. Kwa hiyo waliosoma Kiingereza waliona neno moja katika sentensi mbili, na waliosoma Kihindi waliona maneno mawili. Naye Avadhesh kwa miaka yote alifundisha watu kanuni moja: kwenye fumbo neno ni neno, na likibadilika herufi moja tu ni neno jingine. Akatia alama kwenye D. Haiwezi kujulikana. Majibu rasmi yakasema A.

— Lakini bhaiya, alisema Kizingiti, ambaye alimwita Avadhesh kaka hata alipokuwa anamkejeli, hiyo "pi" si uliiona mara mbili?

— Niliiona.

— Na lati na lata si unajua ni mtu na dada yake?

— Najua.

— Sasa?

— Sasa nini? Kwenye fumbo hatuleti akili za nyumbani. Tunasoma kilichoandikwa. Wangapi niliwaambia hivyo hapa wakafaulu?

— Wengi. Ndiyo noma yenyewe. Umewafundisha watu kuogelea mtoni, halafu wewe umezama kwenye ndoo.

Chachi alicheka bila kugeuka. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, wala maji, na bado alimimina chai aliyokuwa haruhusiwi hata kuionja, akaitia katika vikombe vidogo vya udongo na kuwagawia.

— Msimseme mzee wetu, alisema Wakili. Asiyefunzwa na mamaye hukata rufaa.

— Methali haiendi hivyo, alisema Avadhesh.

— Inaenda popote ukiisukuma. Sikilizeni. Pingamizi letu ni kwamba tafsiri ina kosa.

— Tafsiri haina kosa. Mama ni lati. Baba ni lata. Ndicho Kihindi sanifu.

— Basi tunaandika hivi: tafsiri haina kosa, na hilo ndilo kosa lenyewe.

— Ukurasa wa kwanza mliusoma? aliuliza Kizingiti. Kale kamstari ka chini kabisa? Lugha mbili zikitofautiana, kitakachofuatwa ni Kiingereza.

Wote watatu walikuwa wamekasoma kale kamstari katika kila mtihani, kama abiria asomavyo tangazo la kukataza kutema mate.

Wakili alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja. Alipofanya hivyo watu wa kijiwe walijua kuna jambo kubwa linakuja.

— Nina wazo.

— Mungu tusaidie, alisema Kizingiti.

— Aliyetunga swali hili hakuokota herufi barabarani. Tuzihesabu. Ijoti, K?

— Kumi na moja.

— A ni moja, pamoja kumi na mbili. P?

— Kumi na sita. I ni tisa. Ishirini na tano. L kumi na mbili, O kumi na tano, ishirini na saba.

— Jumla?

— Sitini na nne.

— Sitini na nne. Vyumba vya ubao wa sataranji. Mnaona? Mtungaji ni mchezaji wa sataranji. Na sisi ndio wale askari wadogo wa mbele, ambao kwenda wanakwenda, kurudi hawarudi.

— Huo uongo wako ni wa rejareja, alisema Kizingiti. Mimi nina wa jumla. K ni ya kumi na moja kutoka mbele, P ni ya kumi na moja kutoka nyuma. Hizo ni herufi pinzani, tunazikariri kwa jina la mji wa Kanpur. Ni kweli si kweli, bhaiya?

— Ni kweli.

— "Ka" inaanza na K, "pi" inaanza na P. Kwa hiyo mama na aleta ni wapinzani. Maana yake nini? Mama haleti.

— Haleti nini?

— Maji. Leo kila mama wa Bihar amefunga, hanywi maji. Mtungaji ni mtu wa kwetu, katuachia ishara.

— Mtihani ulikuwa Agosti, alisema Avadhesh.

— Aliona mbali.

— Na maji yakimwagika hayazoleki, alisema Wakili, ndiyo maana mama kaenda kuleta mengine. Lakini nyinyi bado mnacheza ufukoni. Hebu sogeeni. Kwa nini waweke "haiwezi kujulikana" kama jibu, halafu waseme si jibu? Ni mtego. Wanatafuta watu wasiodanganya. Mtu asiyejua akasema sijui. Hao hawapewi ukarani. Hao wanaitwa Delhi kimyakimya, wanakalishwa kwenye chumba kisicho na dirisha, wanapewa mafumbo ya maadui wa nchi.

— Na majibu rasmi je? Si wamesema ni A?

— Kizingiti, wewe ukitaka kumwajiri jasusi utamtangaza ukutani, picha na namba ya simu?

— Kwa hiyo Ijoti keshapata kazi.

— Keshapata zamani. Ila hatakiwi kujua.

Walicheka mpaka Kizingiti akamwaga chai. Avadhesh naye alicheka, na wakati anacheka, kwa kitambo kidogo sana, alikiona hicho chumba. Hakuona mafumbo wala maadui. Aliona meza. Aliona panka likizunguka polepole darini, na mlangoni kibao cha bati kilichoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, majina yote matatu, bila kufupishwa. Alikuwa ameitamani meza hiyo muda mrefu kiasi cha kujua hata upande upi wa droo ungekwama. Kicheko kilipokwisha, chumba nacho kikaondoka, likabaki jiko la Chachi na ukuta wa nyuso.

Chachi alikuwa anamtazama.

— Na wewe Avadhesh, huendi kwenu?

— Mwakani, Chachi. Nikiwa na barua ya kazi.

— Mwaka jana ulisema mwakani.

— Mwaka jana nilisema kweli.

Chachi alichochea makaa. Alijua habari yote, kama mpika chai ajuavyo habari za wateja wake bila kuuliza. Mama yake Avadhesh, Phulmati Devi, hakuwa na mfungo huo zamani. Aliuanza mwaka ule mwanawe alipokwenda Patna kwa mtihani wa kwanza, akaliahidi Jua kwamba atafunga mpaka kijana apate kazi. Na mfungo wa Chhath ukishaupokea hauuweki chini upendapo. Lazima umkabidhi mwanamke mwingine wa nyumba hiyo, na kwa desturi ni mke wa mwanao. Lakini nani atamwoza binti yake kijana asiye na kazi? Basi mama aliendelea. Magoti yake yalikuwa yameharibika, na bado kila mwaka alisimama ndani ya mto Gandak, maji yakimfika kiunoni, jioni akilikabili Jua linalozama na alfajiri akilingoja lichomoze, akiomba neno moja tu. Mumewe alifariki. Binti yake Renu aliolewa Saharsa, mbali. Mwaka wa msiba ule, jirani mmoja alimwuliza Avadhesh mbele ya watu kama ukarani unarithiwa au unasubiriwa, na tangu siku hiyo hakurudi tena kwa Chhath. Mama alikuwa anafunga kwa ajili ya kazi, na mwana alikuwa anakaa mbali kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

— Jambo moja sikuwaambia, alisema Avadhesh. Pale ukumbini, kwenye swali lile, nilikawia.

— Ulikawia na swali la mafumbo? Wewe? aliuliza Kizingiti.

— Nilisoma "mama aleta maji", nikakaa tu. Kama mtu aliyeitwa jina lake njiani, akageuka, asione mtu.

Wakili akamsogelea.

— Sasa ndiyo naelewa, Avadhesh akaendelea. Mama yangu hajui lati wala lata. Hakwenda shule. Kwa lugha ya kwetu, badala ya aleta, anasema anai. Mama anai maji, baba anai kuni. Anai kwa wote wawili.

— Hata kwetu, alisema Kizingiti polepole. Anai. Bibi yangu akituma mtu kisimani: nani anai? Mwanamume, mwanamke, hakuna tofauti.

— Hata sisi, alisema Wakili. Mama alikuwa anasimama mlangoni, na mimi nimetumwa chumvi nikapitia kwenye mchezo wa gololi. Kazi yake kupiga kelele tu, anai, haanai, anai, haanai. Mtaa mzima wakijua nyumba yetu leo haina chumvi.

Walicheka kidogo, kila mmoja upande wake. Neno lile, ambalo hakuna mmoja wao aliyelitamka Patna kwa miaka, lilikaa benchini kati yao kama mtu wa nne. Mjini walizungumza Kihindi cha shule. Hata kwenye simu Avadhesh alizungumza na mama yake Kihindi hicho, kwa mazoea ya kujitayarisha kwa usaili, na mama alimjibu kwa maneno machache, kwa adabu, kama anazungumza na mtu wa serikali.

Wakili alipiga benchi kofi.

— Hiyo ndiyo hoja. Tunaandika: mtahiniwa anadai swali lisomwe kwa lugha ya mama yake mzazi. Nani atapinga? Mama ni mama.

— Kwa lugha ya mama yangu neno ni moja, alisema Avadhesh. Kwa lugha ya mama yangu jibu ni ka.

— Kwa Kiingereza je?

— Ka.

— Sasa wewe umepata kwa lugha gani?

— Kwa ile ya shule tu.

Wakati huo alifika mtu kutoka upande wa soko, mtu mzima wa makamo, kanzu fupi nyeupe, viatu mkononi, na kapu jipya la mianzi, pana kama sinia la harusi, ambalo bado lilinuka ubichi. Aliomba chai. Alipoketi hakuliweka kapu chini, alilipakata magotini.

— Karibu, karibu, alisema Wakili akisogea. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

— Huyu bwana methali zake zina ugonjwa, Kizingiti alimweleza mgeni. Usimjali.

Mgeni alijitaja kuwa ni Ramsevak Paswan wa Begusarai, anafanya kazi ya rangi za nyumba hapo mjini, na sasa anakwenda kupanda basi la kwao. Aliuliza ni nini wanachobishania tangu alipokuwa anavuka barabara. Kizingiti alimweleza yote: ka, pi, lo, mama, maji, baba, kuni, A na D. Mgeni alisikiliza kwa heshima, akipuliza chai yake.

— Huyo mama ni mama yupi?

— Wa kwenye mtihani, chacha, alisema Kizingiti, akimwita baba mdogo kwa heshima. Si mama wa mtu. Ni mama wa karatasi.

— Aa. Akamgeukia Avadhesh, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mwenye shughuli. Na wako yupo?

— Yupo. Khagaria.

— Anafunga Chhath?

— Anafunga.

— Baba yupo?

— Alishafariki.

— Una ndugu mwanamume?

— Niko peke yangu.

Mgeni alitikisa kichwa, akanywa funda moja, akaligeuza kapu lake kidogo magotini.

— Sasa kapu la mama anabeba nani?

Haikuwa lawama. Aliuliza kama mtu aulizaye basi linaondoka saa ngapi. Wote pale walijua desturi. Mwenye kufunga habebi. Matunda, miwa, mikate ya sukari na taa hupangwa katika kapu, na mwanamume wa nyumba hulitwika kichwani, bila viatu, kutoka mlangoni mpaka mtoni, asilitue njiani hata achoke vipi. Jioni ya siku ya tatu analipeleka, analirudisha, na alfajiri analipeleka tena.

Kila mwaka Avadhesh alimwuliza mama yake kwenye simu kuhusu magoti, kuhusu baridi ya maji, kuhusu bei ya ndizi. Hilo hakuwahi kuliuliza. Alijaribu kumwona mtu akitoka katika mlango wa nyumba yao na kapu kichwani, mama akifuata nyuma, na mtu huyo alikuwa hana uso.

— Labda jirani, alisema Kizingiti.

— Jirani ana la mama yake, alisema mgeni.

— Labda shemeji, mume wa Renu.

— Saharsa nako wana Chhath.

Wakamtazama Wakili. Tabrez Alam, ambaye alikuwa na maelezo ya kila jambo chini ya mbingu, aliangalia ndani ya kikombe chake cha udongo, akakigeuza juu chini, likatoka tone moja.

— Chachi, tuongezee, alisema.

— Chai imekwisha, alisema Chachi. Alikuwa tayari anamwaga majivu. Nami nakwenda kuoga, nipike sadaka ya jioni. Kwangu mimi wabebaji ninao wawili, na bado wanagombana nani atangulie kulibeba.

Avadhesh aliinuka. Alisimama pale akiwa na kalamu yake mfukoni, kama mtu aliyesahau alichoinukia.

— Bhaiya, alisema Kizingiti, na pingamizi? Bado kuna muda mpaka jioni. Nipe namba yako ya mtihani niliandike mimi. Nitawaambia lati na lata ni maneno mawili, nitagombana nao.

— Usiandike.

— Bhaiya, ni mwaka wa mwisho huu.

— Najua. Jibu ni ka, Mritunjay.

Ilikuwa mara ya kwanza kijiweni mtu kumwita Mritunjay Jha kwa jina lake.

Mgeni naye alikuwa amekwisha kuinuka, kapu mkononi, akitafuta njia ya stendi.

— Basi lako linafika Khagaria? aliuliza Avadhesh.

— Linapita Begusarai, linaendelea mpaka Khagaria. Huna mzigo?

— Sina. Nipe hilo nikubebee mpaka stendi.

Mtu yule alimtazama mikono, maana kapu la sadaka halishikwi bila kunawa. Chachi hakungoja kuambiwa. Alichukua birika la maji, akammiminia, na Avadhesh akanawa mpaka viwikoni, akaifuta mikono kwa upande safi wa shali yake. Kisha akavua ndala, akazitia kwapani. Alilipokea kapu, akaliweka kichwani, akalishika kwa mkono mmoja, kama wanafunzi wabebavyo vitabu mvua inaponyesha. Likayumba. Akapiga hatua mbili, likayumba tena.

Ramsevak Paswan alimsimamisha katikati ya barabara, akamchukua mkono wa pili na kuuinua mpaka ukashika ukingo.

— Mikono miwili, alisema. Na hilo sasa ni tupu. Ngoja likijaa.